Oda Arobaini za Muzee Gervais

Juma lililopita tulimzika Mama Odile kule Ndosho, na matanga ya Goma, kama mjuavyo, hayana adabu ya kunyamaza. Marehemu akishafunikwa udongo, watu wanakaa chini ya turubai, wanapewa chai ya maziwa na mandazi, kisha kila mmoja anaanza kumkumbuka kwa mambo ambayo hata hayamhusu. Nyuma yangu walikaa wanaume watatu waliokuwa wanamkumbuka mume wake, Muzee Gervais, aliyemtangulia miaka mingi. "Huyu mama aliteseka," mmoja alisema. "Volkano ilimukulia bwana yake medali yote. Muzee akakufa na roho ya medali." Mwingine akamsahihisha kwamba haikuwa medali, ilikuwa zahabu ya Wabelji, na wa tatu akanigusa bega: "Mama Mwamini, weye ulikuwa pale. Si volkano njo ilikula?" Mimi nikipewa chai na watu watatu wa kunisikiliza siwezi kujizuia. Nikawaeleza jinsi lava ilivyoingia jikoni kwa Mama Odile bila kubisha hodi, ikazunguka meza, ikanusa chungu cha maharagi, ikaona maharagi hayajaiva, ikaenda moja kwa moja kwenye kisanduku cha medali kilichozikwa sakafuni. Walicheka hadi mchungaji akageuka kututazama. Hadithi hiyo nimeisimulia zaidi ya miaka ishirini, na kila ninapoisimulia lava inaongezeka akili. Isipozuiwa, mwakani itakuwa imepata diploma. Lakini niliporudi nyumbani, mandazi yakiwa bado yamenikaa kifuani, nilivuta kiti nikataka kwa mara moja kuuandika mwaka ule jinsi ulivyokuwa.

Ya kwetu nitayaacha. Kila familia ya Kiislamu ya mtaa wa Mapendo iliyotoka Maniema ina babu aliyekuja na msafara, na mababu hao wote wanafanana. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, nimepanga chumba cha nyuma katika parseli, kiwanja chenye nyumba, ya Muzee Gervais pale Murara, nashona nguo mchana na nasoma masomo ya jioni, nikitafuta diploma ya Serikali ambayo wenzangu waliipata wakiwa na miaka kumi na minane. Hesabu nilizijua. Historia niliijua kupita mwalimu. Kifaransa ndicho kilichokuwa adui yangu: kilichechemea miguu yote minne, na katika imla moja, dikte kama tulivyoiita, niliwahi kufanya makosa sitini kwenye mistari kumi, yaani mengine yalikuwa yamepanda juu ya mengine. Muzee Gervais, karani mstaafu wa ofisi ya wilaya tangu enzi za Wabelji, alikuwa na Kifaransa cha kupigwa pasi. Alivaa tai hata akienda chooni. Mtaa mzima ulimwita Shevalie, kwa sababu ya vile vitu alivyokuwa navyo saloni, yaani sebuleni, na hakuna aliyemwita hivyo usoni.

Saloni yenyewe ilikuwa na harufu ya nafthalini na ya panya waliokufa kwa nafthalini. Madirisha hayakufunguliwa. Katikati palikuwa na meza yenye kitambaa cha kijani, na ukutani kabati la kioo lenye vikasha vilivyotandikwa mahameli, na ndani ya vikasha ndimo walimolala wafalme wa Ulaya: misalaba myeupe ya ncha nane, nyota zenye miale ya fedha, simba wa dhahabu, tai weusi wenye vichwa viwili, mataji madogo kama ukucha wa mtoto. Ukitaka nieleze kama ninavyoeleza matangani, vilikuwa mia nne. Vilikuwa arobaini na moja. Alivikusanya miaka thelathini, kimoja kimoja: vingine kwa wajane wa walowezi waliokuwa wanafunga mashamba Masisi, vingine kwa watoto wa machifu wasiojua babu yao alivishwa nini, na viwili alivitoa sokoni Birere kwenye lundo la kufuli na misumari. Siku ya kwanza niliyoingia mle nikasema kwa heshima kabisa kwamba medali zake ni nzuri.

"Medali?" akasema. "Medali ni ya batoto ba shule banakimbia mbio. Hii ni oda, nishani ya bafalme. Oda ni undugu wa batu ba kiapo. Iko na sheria, iko na mufalme juu, iko na ngazi. Shevalie, ofisie, komanderi, grand-ofisie, grand-krwa. Rudia."

Nikarudia.

"Mubaya sana. Rudia."

Hivyo ndivyo tulivyoanza, na haikuwa nzuri zaidi baadaye. Mapatano yetu yalikuwa haya: hariri za oda zake zilikuwa zimeliwa na nondo, na yeye alihitaji mtu wa sindano nyembamba, mimi nilihitaji mtu wa kunisahihisha dikte. Mara tatu kwa juma nilikaa kwenye ile meza ya kijani nikishona tepe mpya, yeye akisoma makosa yangu kwa sauti kama mtu anayesoma mashtaka. Hariri niliitafuta mwenyewe, kwenye bitana za makoti ya mtumba, kwenye kanzu za padri zilizotupwa, na mara moja kwenye gauni la arusi ambalo mwenyewe alikuwa amerudi kwao. Nilijifunza kwamba shevalie ana utepe mtupu na ofisie ana ua dogo la hariri juu yake, kwamba Waaustria wanakunja utepe wao pembe tatu, kwamba oda ya mwanamke haining'inii kwenye utepe ulionyooka bali kwenye fundo la kipepeo. Ukikosea upana kwa milimita mbili, alifumua kazi yako mbele yako na kisu cha kukatia ndimu.

Nilichokatazwa ni kugusa chenyewe kinachoning'inia. Alivifuta yeye, kwa kitambaa kikavu laini, akivuta pumzi kama mtu anayemwogesha mtoto mchanga. Nyeupe yake, buluu yake na ile nyekundu kama pilipili iliyoiva, mimi nilidhani ni rangi tu, rangi ngumu kama ya vikombe vya bati vyeupe tulivyokunywea chai kwetu, ambavyo vilipita motoni na majini kila siku vikazeeka pamoja nasi. Siku moja nikamuuliza, "Muzee, hii rangi banapakaka na nini?"

Hakuinua macho. "Weye kazi yako ni utepe. Utepe inaanza hapa, inaishia hapa. Ile inaning'inia haikuhusu."

"Ni kuuliza tu, Muzee."

"Mutu wa masomo ya jioni anapendaka kujua kila kitu nusu."

Nilimeza, kwa sababu dikte yangu ilikuwa mkononi mwake, nikachoma sindano kwenye hariri kana kwamba nachoma kitu kingine. Sitaki kudanganya kwamba nilimheshimu kwa siri. Nilimchukia waziwazi, kwa furaha, na chuki hiyo ilinipa nguvu ya kusoma. Darasani nilikuwa namwigiza jinsi anavyosema "grand-krwa" huku amebana pua, na wenzangu walilia kwa kucheka. Naye alinichukia mimi vilevile. Alimwambia mkewe, nami nasikia kwa sababu ukuta wa chumba changu ulikuwa wa mbao na gazeti, kwamba nina kelele kama kuku aliyetaga, kwamba nitaanguka mtihani na nitakuwa nimemchosha bure.

Mama Odile ndiye aliyetufanya tukae parseli moja bila kuuana. Jikoni kwake kulikuwa na jiko la makaa, benchi fupi, na chungu kisichotoka motoni. Alikaanga sambaza, visamaki vya ziwani, wakavu kabisa, akawamwagia pilipili na ndimu, akaniita nile kwa mkono wake kabla mume wake hajaletewa sahani. "Kula, mutoto wangu. Huyu usimusikie. Anatukanaka hata mvua." Ni huko benchini nilikosikia, siku moja mchana, kile ambacho Muzee asingeniambia. Yeye alikuwa nje ananawa mikono, Mama Odile akipepeta maharagi, wakizozana kama kawaida yao kuhusu nafasi ambayo kabati lilichukua.

"Miaka tano uliandika ile liste kwa mashini, Gervais. Kila mutu wa wilaya aliyevalishwa oda, jina yake ilipita kwa vidole vyako. Hata mupishi wa administrateri. Ungeandika na yako."

"Mutu hajiandikagi mwenyewe," alisema.

"Basi nani alipashwa kukuandika?"

Alikung'uta maji vidoleni. Kisha akasema chakula kinachelewa.

Ningekuwa mtu mwema, siku ile ningelainika. Lakini jioni yake alinirudishia dikte na duara jekundu kwenye kila mstari, nikaenda darasani nimefura, na wenzangu walipouliza yule Shevalie wangu anaficha nini saloni, nikawaambia zahabu. Wakauliza kiasi gani. Nikasema nikikunja mkono hivi, kilo mia. Ilikuwa ni ya kuchekesha. Kilo mia, na macho ya tai ni almasi.

Miji iliyo mikononi mwa waasi ina masikio kuliko watu. Haikupita wiki mbili, saa ya chakula cha mchana, komanda mmoja akaingia parselini na askari wawili. Alikuwa kijana mnene mwenye kofia mpya. Alikaa kiti cha Muzee, akala sambaza wa Mama Odile bila kuulizwa, akajifuta vidole kwenye kitambaa cha kijani.

"Tunasikia hapa kuko zahabu ya bafalme."

"Hakuna zahabu," Muzee akasema. "Ni fedha, na shaba imepakwa zahabu kidogo."

"Onyesha."

Muzee akafungua kabati. Nilikuwa kwenye kiti changu na fundo la kipepeo nusu limeshonwa, pini tatu mdomoni. Komanda akapitisha kidole juu ya vikasha kama mtu anayechagua samaki, akakisimamisha kwenye ule msalaba mkubwa mweupe wa ncha nane, ambao Muzee aliupenda kupita macho yake. "Hii. Nivalishe."

"Siwezi."

"Juu ya nini hauwezi?"

"Juu hawakukupa."

Nilisikia askari mmoja akihamisha bunduki kutoka bega moja kwenda jingine. Mama Odile alisimama mlangoni na bakuli, hawezi kuingia wala kutoka. Muzee Gervais alikuwa amenyoosha mgongo na tai yake, na nikaona kwamba atapigwa risasi pale pale kwa ajili ya kanuni ya watu wa Ulaya waliokufa zamani. Nikatoa pini mdomoni. "Komanda wangu," nikasema, "usivae hii, batakucheka mpaka Kisangani. Hii ni ya bibi ba bafalme. Angalia fundo." Nikamwonyesha kipepeo changu cha hariri ya waridi. "Ya banaume Wabelji walienda nayo. Huyu Muzee alibakia na ya bamama, njo maana anaona haya kukuambia." Komanda akaangalia fundo, akaangalia tai ya Muzee, akaanza kucheka, na askari wake wakapata ruhusa ya kucheka. Hata hivyo hakuondoka mikono mitupu. Alichukua nyota moja ya fedha, akasema ni ya binti yake, na kwamba atarudi kuuliza vizuri hizo za wanaume ziko wapi.

Gari lao lilipoondoka nilingojea shukrani. Muzee alifunga kabati, akageuka.

"Nani aliambia huyu mutu kuko zahabu?"

"Muzee, mi sijui."

"Ulitia kilo ngapi?"

Nilirudisha pini mdomoni. "Na umeita oda za bafalme vitu vya bamama," akasema, na sauti yake ilikuwa imeanza kutetemeka sasa, baada ya hatari kupita. "Mbele ya mwizi. Ndani ya nyumba yangu." Mama Odile akamwambia, "Gervais, huyu amekuokoa," naye akajibu kwamba mtu anayewasha nyumba hasifiwi kwa kuleta maji.

Kwa sababu ya komanda, oda zilizikwa. Muzee alinunua sanduku la chuma la risasi, lile la kijani lenye kufuli pembeni, akazipanga arobaini zake ndani, kila moja katika kitambaa, na tepe zangu mpya zimekunjwa vizuri juu yake. Alichimba mwenyewe sakafu ya jikoni, kwenye pembe karibu na jiko, akaweka, akafunika na saruji. Aliniapisha kwa Kurani. "Sikuaminie," akaniambia. "Ni dirisha yako tu inaangalia huku."

Halafu mlima ukapasuka. Watu wa Goma hatuhitaji kuelezwa, na wasio wa Goma wameona picha, kwa hiyo nitasema tu niliyoyaona kwa macho yangu: anga ya mchana iliyokuwa nyekundu kama ndani ya mdomo, majivu kwenye nywele za Mama Odile, na Muzee Gervais mwenye kofia, tai na fimbo, akigeuka kurudi. Tulikuwa tumefika barabarani, umati unatusukuma kuelekea Gisenyi, watu na magodoro na mbuzi. Aligeuka mara mbili. Mara ya pili nilimshika mkanda wa suruali.

"Niache, weye mwanamuke."

"Utakufa, Muzee."

"Unafurahi," akasema, uso wake karibu na wangu. "Naona vile unafurahi." Nami nilikuwa nimelia machozi yakachora mistari kwenye majivu, lakini ndivyo alivyoniona.

Kule ng'ambo ya mpaka, Gisenyi, tulilala sakafuni kwa mpwa wake, watu kumi na wanane chumba kimoja. Nikisimulia huwa arobaini, ila wakati huu ni kumi na wanane kweli. Siku ya tatu watu wakaanza kurudi kuangalia. Miguu ya Muzee ilikuwa imevimba, haingii kiatu, na ilimuuma zaidi kwamba hakuna mwingine wa kutuma isipokuwa mimi. Aliniita mbele ya wote. "Weye njo unajua fasi nilizika. Lava ikiwa haikufika jikoni, unachimba, unaleta. Usifungue. Nimeandika kila moja, nitahesabu. Ikikosekana hata moja, nitajua ni weye." Mpwa wake akaangalia chini. Mama Odile akanipa bidoni mbili za maji ya ziwa, za lita tano, akasema moja ni ya njia na nyingine nimpe nitakayemwona anaihitaji, maana mjini hakukuwa tena na tone.

Nilitembea juu ya mwamba mweusi uliokuwa bado unapumua. Viatu vyangu vya plastiki vililainika. Harufu ya kiberiti ilikuwa kooni, na watu walikuwa wametawanyika wakichokoa kwa majembe na vyuma, kila mtu kwenye kile alichodhani ni nyumba yake. Walikuwa wanatoa sufuria, mabati, fremu za baiskeli, wanazimwagia maji waliyokuja nayo zikifuka mvuke, wanaondoka nazo. Kwetu lava ilikuwa imeingia parselini kwa nyuma. Chumba changu kilikuwa chini yake, pamoja na mashine ya kushona, na daftari zangu zote za miaka mitatu, na nguo za watu. Hakuna aliyekuwa ameniuliza habari za chumba changu, hata mimi sikuwa nimejiuliza hadi niliposimama juu yake. Jikoni, lava ilikuwa imebomoa ukuta mmoja ikasimama, imeegemea kama mlevi. Sakafu ilikuwepo. Ilikuwa na joto la kupikia chapati.

Nikachimba. Saruji ilikuwa imepasuka yenyewe. Kisanduku kilipoonekana rangi yake ya kijani ilikuwa imegeuka kahawia, na kilikuwa cha moto kiasi kwamba nilipotemea mate yaliruka. Nilikivuta nje kwa jembe. Nikafanya kama walivyofanya watu wote kuzunguka: nikachukua bidoni nikamwaga. Mvuke ulipanda hadi nikafumba macho, na ndani ya kisanduku nikasikia sauti, ndogo ndogo, nyingi, kama chumvi iliyotupwa kwenye makaa. Kilipokuwa cha kushikika nikazungusha kitenge kichwani, nikakipandisha juu yake, nikarudi Gisenyi.

Muzee alikifungulia sakafuni, miguu yake iliyovimba imenyooshwa mbele yake. Hariri zangu zote zilikuwa jivu. Yeye hakulitazama jivu. Aliinua msalaba wa kwanza, ule mweupe wa ncha nane, na haukuwa mweupe. Ulikuwa kiunzi cha fedha kilichotoboka kama mdomo usio na meno. Akainua wa pili, na wa tatu. Chini ya kisanduku kulikuwa na magamba, meupe, ya buluu, mekundu, yanayong'aa kama ya samaki, na alipoyachota yalimkata kidole. Aliyaangalia akiwa na damu kwenye kiganja, kisha akaniangalia mimi.

"Moto peke haurushagi hivi," akasema. "Ulimwanga mayi?"

Wote walikuwa wananitazama, wale wale waliosikia nikiitwa mwizi asubuhi.

"Hapana, Muzee."

"Gervais," Mama Odile akasema, "ni volkano. Mwamini hawezi." Na kwa sauti hiyo yake ya kumaliza maneno, jambo likawa volkano, likabaki volkano hadi matanga ya juma lililopita.

Nilidhani mapatano yetu yamekufa. Baada ya wiki tatu, tumerudi Goma, wao wamepewa nyumba ya mjomba kule Ndosho na mimi nimelala kwa shangazi kule Mapendo, mtu akaja kuniambia Muzee anauliza kwa nini siji kwa dikte. Nikaenda. Hapakuwa na meza ya kijani. Tulikaa kwenye viti vya plastiki. Kisanduku hakukitaja. Aliniambia mapatano ni mapatano, nimeshona tepe arobaini na moja, mpaka mtihani ana deni la Kifaransa kwangu, na kwamba kuchelewa kwangu kumenirudisha nyuma, ambako nilikuwa tayari. Kuanzia hapo alinifundisha mara tano kwa juma. Alinitukana kama zamani na zaidi kidogo. Kelele yangu ilikuwa imepungua, akalitukana na hilo.

Karibu na mtihani, alitoa karatasi iliyoandikwa kwa mkono wake, akaanza kunisomea dikte ya mwisho. Alisoma polepole, kila sentensi mara mbili, kama inavyotakiwa. Ilisema kwamba emaye, ile inayong'aa juu ya oda, si rangi. Emaye ni kioo, kilichosagwa, kikawekwa juu ya fedha au dhahabu, kikayeyushwa ndani ya tanuri. Ilisema kwamba kioo hicho kinaweza kuvumilia moto mkubwa endapo kitaachwa kipoe chenyewe, hata kama ni siku nyingi, na kwamba kinachokiua ni baridi ya ghafla. Ilisema kwamba kinapopasuka hulia, na mwenye sikio hukisikia. Hapo akangojea kalamu yangu imfikie. Kisha akasema nukta, akanyoosha mkono.

Aliisoma kazi yangu na kalamu nyekundu imesimama hewani. Hakupata pa kuiweka. Akaandika ishirini juu ya ishirini, akanirudishia, akasema, "Umejua sasa," na akaingia ndani kupumzisha miguu. Mtihani niliupita. Kifaransa ndicho kilichonipa alama nyingi kuliko vyote, nilikwenda kumwambia, akasema kupitia dirishani kwamba mwaka ule walikuwa wanapitisha kila mtu. Hatukukaa tena chumba kimoja hadi alipokufa.

Watu waliokuja matangani wanaweza kubaki na lava yao, imenihudumia vizuri. Lakini nilitumwa nikiwa na bidoni mbili. Ya kwanza niliimwaga kwa kutojua, kama jirani yeyote aliyekuwa anapoza sufuria yake, na nikasikia ile sauti. Mimi ni mtoto wa nyumba ya taa za mafuta. Najua kioo kinavyolia. Nilisimama kando ya chumba changu kilichozikwa, nikakisikiliza kikilia hadi kikanyamaza, na kisanduku kilikuwa bado cha moto, na ndani bila shaka mlikuwa bado na nyingine nzima, na njia ya kurudi ilikuwa ndefu na mimi nilikuwa na kiu. Nikafungua bidoni ya pili, nikaimwaga yote, polepole, nikizungushia pembe zote nne za kisanduku.